Kusoma Huku Unachapa Job: Masaa ya Kujifunza Ujuzi Mpya Yamejificha Wapi?

Kila Januari ni stori ile ile. Msee anaambia mbogi yake mwaka huu lazima aongeze kitu kwa CV: CPA, kozi ya data, umeme, ushonaji, chochote kitakachomtoa kwa hiyo kaunta. Analipa doo ya usajili, ananunua daftari jipya, anasoma wiki mbili. Halafu mdosi anabadilisha shifti, mwezi unafika pale mahali noma, mtoto anashikwa na homa, na daftari linabaki na kurasa nane zenye wino. Mwezi wa sita ukimuuliza, atakwambia hakupata time.

Na hadanganyi. Job ya kila siku Nairobi inakula mtu mzima mzima. Lakini kuna wasee wako na job ngumu kama yako, wanagombania mat ya Rongai kama wewe, na bado wanakalia mtihani na kupita. Si ati hawachoki. Ni vile wanajua saa gani inaweza kufanya kazi gani, na hawailazimishi ifanye nyingine. Hii makala inahusu hilo, pamoja na vitu viwili vitatu ambavyo sheria inakupa na wengi hawavitumii.

Hesabu ya wiki, bila kujidanganya

Wiki iko na masaa 168. Kanuni za jumla za mishahara hapa Kenya zinasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi masaa 52, yagawanywe kwa siku 6. Tuchukue hiyo 52, hata kama kwenu mnafunga Ijumaa. Tuseme unakaa Kayole na job iko Westlands. Kwenda na kurudi, ukihesabu na foleni ya steji, ni kama masaa 3 kwa siku, kwa hivyo 18 kwa wiki. Ukidoz masaa 7 kila usiku, hayo ni 49. Jumla 119. Umebaki na 49.

Usikimbie kufurahi. Hapo ndani bado kuna kupika, kufua, kuoga, kuchota maji siku mfereji umekauka, kanisa au msikiti, mkutano wa chama, harambee ya mtu wa ocha, na kukaa tu na watu wako bila kufanya kitu, ambayo pia ni haki yako. Ukitoa hayo yote, mtu mwenye familia anaweza kubaki na masaa 10 au 12. Na shida kubwa ni kwamba hayajakaa pamoja. Ni dakika 40 hapa, 25 pale, saa moja Sato jioni, mengine Jumapili mchana ukiwa umeshiba na usingizi unakuita.

Kwa hivyo usipange kusoma masaa 20 kwa wiki. Hiyo ni ratiba ya mwanafunzi wa bweni. Panga 6. Masaa 6 kwa wiki, ukiacha wiki mbili za Krismasi, ni masaa 300 kwa mwaka, na kwa masaa 300 mtu anaweza kutoka kwa kutojua Excel kabisa hadi kuwa yule ofisi nzima inamuita ikikwama.

Kabla uamini namba zangu, tafuta zako. Chukua wiki moja ya kawaida, tembea na karatasi mfukoni, andika kila saa imeenda wapi. Kama simu yako ni Android, ingia kwa mipangilio utafute Digital Wellbeing, itakuonyesha masaa uliyotumia kwa kila programu. Wengi wakiona hiyo namba wananyamaza kidogo.

Saa nzima na saa ya vipande

Hapa ndipo watu wengi huanguka. Msee anasikia ushauri wa mtandaoni ati asome kwa gari, anapanda mat, anafungua kitabu cha hesabu, na konda anampigia kelele asogee. Baada ya siku tatu anaona yeye ndiye mzembe. Ukweli ni kwamba hiyo saa haikuwa ya hesabu.

Saa ya vipande ni ile unayokatizwa katizwa: mat, foleni ya benki, dakika 25 za lunch baada ya kula, kungojea maharagwe yaive. Hiyo ni saa ya kurudia kitu ambacho tayari umekutana nacho. Kusikiliza somo mara ya pili. Kujiuliza maswali mafupi. Kukariri maana za maneno ya fani. Kata karatasi ngumu vipande vidogo, swali upande mmoja na jibu upande ule mwingine, funga na raba bendi, weka mfukoni. Hazihitaji chaji wala bando.

Kwa mat, sauti inashinda kusoma. Pakua masomo usiku au mahali kuna WiFi, weka waya za simu masikioni, simu yenyewe iingie mfuko wa ndani. Kukaa dirishani ukiwa umeinua simu unasoma, haswa jam ikisimama, ni kumtafutia kijana wa kunyakua kazi rahisi. Na kama umeangukia nganya ya mziki mpaka viti vinatetemeka, lenga masomo siku hiyo. Chapa usingizi kidogo. Utakuwa umejisaidia zaidi jioni.

Saa nzima ni ile ya kukaa mezani angalau dakika 50 bila mtu kukuita. Hiyo ni dhahabu na kwa wiki huenda uko nazo tatu tu. Usiitumie kutazama video. Huwezi kusawazisha vitabu vya hesabu ukiwa umesimama umeshika chuma ya mat, na huwezi kuandika programu ya kompyuta kwa simu ukiwa foleni. Kwa hivyo vitu vya mkono, yaani maswali ya zamani, hesabu ndefu, kuchora, kushona, kuandika kodi, vyote vingoje hiyo saa. Ukikaa mezani, kitu cha kwanza kiwe kile unachokiogopa.

Kuna sababu ya kutandaza masomo hivi badala ya kungoja Jumapili upige masaa 6 mfululizo. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima vile alivyozisahau, na kuchapisha matokeo mwaka wa 1885. Aliona mtu husahau sehemu kubwa mapema sana, halafu kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa siku tofauti kunashikilia kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Kwa lugha ya mtaa: dakika 30 mara 5 kwa wiki zitakubeba kuliko Jumapili moja ya kujiua.

Asubuhi au usiku?

Hii watu wanapenda kubishana nayo sana, kana kwamba ni Gor na Ingwe. Jibu linategemea nani anakukatiza. Kama uko na watoto wadogo, saa 3 usiku nyumba imenyamaza lakini wewe mwenyewe umeisha. Saa 10 na nusu alfajiri kichwa kiko freshi, lakini lazima uwe umelala saa 4 kasoro, la sivyo unakopa usingizi na riba yake utalipia kwa job. Jaribu kila moja kwa wiki nzima, andika umesoma kurasa ngapi na umekumbuka nini siku iliyofuata. Baada ya hapo chagua na uwache ubishi.

Kitu kimoja lakini: usile masaa ya kulala kila siku ukijiita hasla. Akili iliyokosa usingizi haishiki kitu, na kama job yako ni ya kuendesha gari au mashine, hiyo si hasla tena, ni hatari.

Na kama unakaa na mtu, mwambie. Si kwa mafumbo. "Baba Brayo, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku nitakuwa nasoma, hizo siku wewe utalisha watoto na kuangalia homework." Tunasema hivi kwa sababu kwa nyumba nyingi mwanamke akirudi job anaanza job ya pili, na hakuna programu ya simu itatatua hiyo. Itatatuliwa na mazungumzo, na siku zenye majina. Ukisema tu "nisaidieni nipate muda", kila mtu ataitikia na hakuna kitakachobadilika. Mama anayelea peke yake anaweza kubadilishana na jirani anayeaminika: leo watoto wote kwako, kesho kwangu. Plot nyingi tayari zinaishi hivyo, ni vile hatuiiti mpango wa masomo.

Chagua ujuzi unaotoshea masaa yako

Msee anayefanya shifti zinazobadilika akijiandikisha kwa darasa la kila jioni saa 12, ameshapoteza karo. Angalia kwanza umbo la masomo, halafu ndio uangalie jina la kozi.

Chukua CPA, kwa sababu ndiyo wafanyakazi wengi hapa Kenya hukimbilia. KASNEB, bodi inayotahini, iko tangu 1969, na siku hizi mitihani inakuja mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba. Ngazi ya kwanza, Foundation, iko na karatasi 6. Si lazima uzifanye zote kwa mpigo. Msee wa job akichukua mbili kila msimu, anamaliza ngazi hiyo kwa mwaka mmoja, na kila karatasi inapata kama miezi miwili ya kusoma kwa utulivu. Anayebeba 6 mara moja kwa sababu rafiki yake asiye na job alifanya hivyo, mara nyingi anarudia nne. Unganisha moja ya hesabu na moja ya maneno, ukichoka na ile unahamia hii. Quantitative Analysis na Economics pamoja, huku uko na job ya shifti? Fikiria tena.

Kama kazi yako ni ya mkono, umeme, mabomba, kuchomelea, kushona, umakanika, pengine huhitaji kuanza darasani kabisa. NITA hutoa mitihani ya Grade III, II na I, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ya juu, na fundi aliyejifunzia jua kali anaweza kutahiniwa kwa kile anachojua tayari. Kisha 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi wa awali, ambayo wengi wanaiita RPL, inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA. Maana yake ni kwamba miaka 8 uliyokaa site inaweza kupimwa na kupewa cheti. Ukiwa hapo, masaa yako 6 hayaendi kujifunza kila kitu upya. Yanaenda kwa yale mapengo tu: kusoma ramani, usalama kazini, hesabu za vipimo. Hiyo ni nafuu kubwa na inasemwa kidogo sana.

Kwa mambo ya kompyuta, mtego ni kuruka ruka. Leo kuchora nembo, kesho data, kesho kutwa usalama wa mitandao. Chagua kitu ambacho unaweza kukitumia kwa job uliyo nayo wiki hii. Karani wa stoo akijifunza Excel, ile ripoti ya kila Ijumaa inakuwa zoezi lake, na masaa ya mdosi yanakuwa masaa ya kufanya mazoezi bila kuiba chochote. Hakuna njia ya kupata time inayoshinda hiyo.

Vile sheria inakubeba, na mahali inakuacha

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko kwa kila siku 7, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Likizo hiyo inaweza kugawanywa ukikubaliana na mwajiri. Wengi hupeleka zote ocha Desemba. Ukiwa kwa masomo, weka kando siku 5 au 6 na uzifunge kwa wiki ya mtihani, na uombe mapema, kabla wenzako hawajajaza kalenda.

Likizo ya masomo yenyewe haimo kwa hiyo sheria. Iko kwa mikataba ya kampuni na ile ya vyama vya wafanyakazi, na kwa serikali kuna taratibu zake. Kwa hivyo soma mkataba wako. Kuna watu wamefanya kazi miaka mitano na hawajui ukurasa wa tatu unasema kampuni inalipia mitihani.

Halafu kuna hii ya NITA tena. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na hiyo pesa haikatwi kwa mshahara wako. Kampuni ikifuata utaratibu na kupata idhini kabla ya mafunzo, inaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama. HR wengi wanajua, lakini mdosi wa kampuni ndogo pengine halipi hiyo ada akijua inaweza kumrudia. Ukienda kuongea naye, mbebee hiyo habari.

Kuhusu kuongea naye: usiende na "nataka kusoma", maana yeye anasikia "nataka kuhama". Nenda na ombi moja dogo. "Boss, naomba dakika 5 ukipata nafasi. Nafanya mtihani Agosti. Naomba mpaka hapo niwe shifti ya asubuhi tu, na ripoti za mwezi nitazimaliza mimi." Umeona hujaomba masaa machache? Umeomba masaa yasiyobadilika. Kwa mtu wa shifti hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, na kwa mdosi haigharimu shilingi.

Akikubali kulipa karo, soma karatasi atakayokupa usaini. Mara nyingi kuna bondi: ukitoka kabla ya mwaka mmoja au miwili, unarudisha pesa. Si mbaya, lakini jua ni miezi mingapi, na kama deni linapungua kadri unavyokaa ama linabaki lote.

Doo na mahali pa kukaa

Hapa tupite haraka. HELB iko na mkopo wa watu walioajiriwa wanaotaka kuendelea na masomo, unaitwa Jielimishe. Sacco nyingi ziko na mkopo wa karo wa riba ya chini. Ajira Digital ya serikali inafunza bure kazi za mtandaoni, na Coursera inapokea maombi ya kusaidiwa ada kwa kozi zake nyingi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati 2023, kinafunza kwa mtandao. Chuo kingine chochote cha ghorofani pale tao, kabla ya kutoa hata thao moja, tafuta jina lake kwa orodha ya TVETA. Lisipokuwepo, shuka ngazi.

Keja ya chumba kimoja yenye TV, jiko na watoto watatu haiwezi kuwa maktaba, hata ukiwa na nidhamu ya jeshi. Maktaba ya McMillan iko katikati ya mji tangu 1931 na iko na matawi Kaloleni na Makadara. Ile ya kitaifa iko pale Community. Sato mchana, masaa 3 kabla ya kupanda gari ya nyumbani, hiyo ni nusu ya lengo lako la wiki. Wengine huongea na mtu wa kanisa wafunguliwe chumba cha Sunday school, wengine hubaki ofisini saa moja jioni, jam ikipungua ndio wanatoka, wanafika keja dakika 20 tu baada ya wale waliokimbia steji saa 11. Hii ya mwisho ijaribu kabla ya zote. Muulize tu askari wa geti kwanza anafunga saa ngapi, na kama nauli inapanda kwenu usiku, iweke kwa hesabu.

Wiki ya sita

Karibu kila mtu hulegea hapo wiki ya tano au ya sita. Ile moto ya mwanzo imeisha na mtihani bado uko mbali. Usiongeze masaa kujiadhibu. Punguza hadi dakika 15 kwa siku, zile kadi za mfukoni tu, kwa wiki moja, kisha urudi. Ukikosa siku mbili kwa sababu ya matanga, usizilipe. Endelea na ya leo.

Na ufuatilie tarehe za usajili kuliko tarehe za mtihani. Usajili hufungwa wiki nyingi kabla, na mwezi unaofungwa mara nyingi ndio ule umesota. Weka soo mbili tatu kila wiki kwa M-Pesa kando tangu mwanzo wa msimu, kwa laini ambayo hutumii kukopa.